Kunawiri au kuvimba? Jinsi pombe inavyobadilisha ngozi na sura

Mtu akianza kunywa bia kila jioni, miezi ya kwanza husifiwa. Mashavu yanajaa, shingo inanenepa, mtaani wanasema amenawiri. Miaka ikipita, mtu huyohuyo anaambiwa pombe imemchakaza: uso umekuwa mweusi kuliko alivyozaliwa, midomo imebabuka, miguu imevimba, nywele zimekuwa nyepesi. Watu huona hapo hali mbili tofauti, ya neema na ya kuporomoka. Kitabibu ni mambo manne yanayopishana: maji, mishipa ya damu, lishe na ini. Kila moja lina muda wake wa kujitokeza na muda wake wa kuondoka. Anayeyachanganya huishia kununua krimu ya uso kwa tatizo lililo chini ya mbavu za kulia.

Maelezo mengi kuhusu pombe na ngozi yameandikwa kwa kuangalia watu weupe, ndiyo maana yanasisitiza pua nyekundu na mashavu yenye mishipa. Kwenye ngozi nyeusi au ya maji ya kunde wekundu huo hujificha. Huonekana kama kahawia iliyokolea au zambarau, na mara nyingine hauonekani kabisa, unasikika tu kama joto ukiweka kiganja shavuni. Anayesubiri kuona wekundu ndipo ajue pombe imemgusa atachelewa sana. Kwetu sisi pa kuangalia ni pengine: weupe wa macho, viganja, midomo, mzunguko wa shingo na migongo ya mikono.

Kwanza, hesabu ya kiasi

Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kilevi halisi. Chupa ndogo ya pombe kali ya mililita 250 yenye asilimia 35 ina karibu gramu 69, yaani zaidi ya bia tatu kubwa. Shirika la Afya Duniani huhesabu gramu 60 au zaidi kwa kikao kimoja kuwa unywaji wa kupindukia. Maana yake bia tatu za nusu lita tayari zimefika hapo, na wanywaji wengi hawajui. Ini la mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa, kwa hiyo gramu 60 zinahitaji saa sita hadi nane na zaidi. Kahawa, ndimu au kuoga maji baridi havibadilishi kasi hiyo. Mbege, komoni, gongo na chang'aa havina lebo, na kiasi cha kilevi hubadilika kutoka pipa hadi pipa. Hapo hesabu haiwezekani, na hiyo ni hatari yenyewe hata kabla ya kufikiria methanoli, aina ya kilevi yenye sumu ambayo huua mishipa ya fahamu ya macho.

Asubuhi: uso umevimba, mdomo umekauka

Pombe huzuia ubongo kutoa vasopresini, homoni inayoziambia figo zitunze maji. Ndiyo sababu ya kwenda msalani mara kwa mara. Pombe kali hukausha zaidi kuliko bia, kwa kuwa bia inakuja na maji yake. Kiwango cha pombe kikishuka usiku wa manane, homoni hiyo hurudi na mwili huanza kuyashika maji pamoja na chumvi. Na chumvi huwa ni nyingi: nyama choma iliyochovywa kwenye chumvi ya pembeni ya sahani, chipsi, karanga za kukaanga, kisha supu ya kuzimua. Mtu akilala chali, maji hayo huelekea usoni na kujikusanya pale ambapo ngozi ni nyembamba na tishu zimelegea kuliko zote, yaani chini ya macho.

Hivyo mtu anaweza kuamka na kiu, midomo mikavu na uso uliojaa kwa wakati mmoja. Msemo kwamba pombe hukausha ngozi ni nusu ya ukweli. Uvimbe huo wa asubuhi hushuka wenyewe kati ya siku moja na tatu, mradi mtu asinywe tena. Kinachosaidia ni glasi ya maji kwa kila chupa, chakula kabla ya kunywa, mto ulioinuka, na kitambaa cha maji baridi juu ya macho kwa dakika kumi. Kisichofaa ni krimu za steroidi ambazo baadhi ya watu hupaka chini ya macho. Hufanya ngozi hiyo kuwa nyembamba zaidi, na kutumiwa kwa muda mrefu karibu na jicho kunaweza kuleta presha ya jicho.

Usingizi nao una sehemu yake. Pombe humlaza mtu haraka lakini huvunja nusu ya pili ya usiku, ile inayotakiwa kuwa na ndoto nyingi. Anayekunywa kila siku huishi na usingizi wa vipande vipande, na weusi chini ya macho unakolea bila ugonjwa wowote wa ngozi.

Joto la uso na mkorogo

Pombe hutanua mishipa midogo ya ngozi. Mtu husikia joto, kumbe mwili unapoteza joto nje. Ndiyo maana anayelala nje ya kilabu kwenye baridi ya Njombe au Limuru yuko hatarini kuliko asiyekunywa.

Kuna pia kemikali iitwayo asetaldehidi, ambayo ini huitengeneza linapovunja pombe. Ni sumu, na kwa kawaida huondolewa mara moja na kimeng'enya maalumu. Watu wengi wa China, Japani na Korea wamerithi kimeng'enya dhaifu, kwa hiyo asetaldehidi hujaa mwilini na uso hubadilika rangi baada ya glasi moja. Kwa Waafrika urithi huo ni nadra sana. Kwa hiyo Mwafrika ambaye uso unamwaka ghafla, moyo unakimbia na kichefuchefu kinapanda baada ya kiasi kidogo aulize kwanza anatumia dawa gani. Dawa ya kuachisha pombe iitwayo disulfiramu hufanya hivyo makusudi, na tahadhari hiyohiyo huandikwa kwenye dawa za maambukizi ziitwazo metronidazoli na tinidazoli.

Wapo wengine ambao uso huwaka kila wanapokunywa: waliotumia mkorogo. Krimu nyingi za kujichubua huchanganywa na steroidi kali. Baada ya miezi, ngozi ya uso inakonda, vishipa vinajitokeza, na vipele vinavyofanana na rosasia, ugonjwa wa uso kuwaka na kuota vipele, vinaota kuzunguka mdomo na puani. Pombe, jua, pilipili na moshi wa jiko vyote huviwasha. Mtu hulaumu aina ya bia, anabadilisha chapa, hali inabaki ileile. Kinachotakiwa ni kumwona daktari wa ngozi na kuiacha steroidi chini ya uangalizi, kwa sababu ikikatwa ghafla uso hulipuka kwa wiki kadhaa, na wengi hapo hurudia kopo lao.

Rosasia ya kweli ipo pia kwa watu weusi, ila hugundulika kwa kuchelewa. Na ieleweke: pua iliyovimba na kuwa na vinundu si uthibitisho wa ulevi. Pombe huichochea rosasia, haiizalishi. Wapo wenye pua hiyo ambao hawajawahi kuonja tone, na wameumizwa sana na maneno ya watu.

Huko kunawiri kunatoka wapi

Gramu moja ya kilevi ina kalori 7, karibu sawa na mafuta. Bia ya nusu lita hubeba kalori 200 hivi, na mwili huchoma pombe kwanza huku mafuta ya chakula yakiwekwa akiba. Hiyo ni sehemu ya unene. Sehemu nyingine ni maji yaliyotajwa juu. Kwa wanaokunywa sana, homoni ya kotisoli inaweza kupanda: uso unakuwa wa duara, tumbo linatoka, mikono na miguu inakonda, na michubuko inatokea kwa kuguswa kidogo. Hali hii huondoka yenyewe wiki chache baada ya kuacha.

Halafu kuna tezi za mate, zile zilizo mbele na chini ya masikio. Kwa baadhi ya wanywaji huvimba pande zote mbili bila maumivu, na sehemu ya chini ya uso huwa pana. Kwa mbali ni afya njema. Kwa karibu, ukipapasa pembe ya taya huwezi kuusikia vizuri mfupa. Uvimbe wa namna hii hutokea pia kwa wenye virusi vya UKIMWI na wenye kisukari, kwa hiyo unataka kipimo kuliko kisio.

Imani kwamba bia nyeusi huongeza damu haina msingi. Nusu lita yake ina chuma cha takriban miligramu 0.3, wakati mwanamke anayepata hedhi anahitaji karibu miligramu 18 kwa siku. Divai nyekundu nayo husifiwa kwa resveratroli ya kulinda ngozi. Iliyomo ni miligramu chache tu kwa lita, na pombe iliyoibeba ni nyingi mara maelfu.

Weusi wa shingoni na mikononi

Hapa ndipo tunapopoteza watu wengi bila sababu, kwa kuwa dawa ipo na ni ya bei nafuu.

Mnywaji anayeshiba pombe huacha kula. Akila, ni ugali na mboga kidogo. Mahindi yana niasini, yaani vitamini B3, lakini nyingi imefungwa na tumbo haliwezi kuifungua. Watu wa Meksiko wamekuwa wakichemsha mahindi kwa maji ya chokaa tangu zamani, na chokaa hiyo huifungua. Sisi hatufanyi hivyo. Mwili unaweza kutengeneza niasini kutokana na protini, ila mnywaji hali nyama, samaki wala maharage ya kutosha, na pombe yenyewe hupunguza ufyonzaji utumboni. Matokeo ni pelagra.

Muangalie mgonjwa kwa karibu. Inaanza kama kuungua na jua: migongo ya mikono, mbele ya mikono mpaka mahali mkono wa shati unapoishia, miguu juu ya mstari wa ndala, na shingoni. Pande mbili zinafanana, kushoto na kulia. Baada ya siku kadhaa ngozi inakoza kuwa nyeusi, inakuwa nene, kavu, yenye kung'aa, kisha inapasuka na kutoa magamba kama rangi kuukuu ukutani. Mpaka wake ni wazi, kama mtu aliyevaa glovu. Shingoni huwa pete kamili inayoshuka kifuani, ambayo madaktari huiita mkufu wa Casal, kwa jina la Gaspar Casal, daktari wa Hispania aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1735. Ulimi ni mwekundu, laini, unawaka kwa chakula cha moto. Kuna kuhara. Kuna kusahau, kuchanganyikiwa, hasira za ghafla, na hapo familia husema ni pombe tu au amerogwa. Usipotibiwa unaua.

Anayekunywa huku akitumia dawa za kifua kikuu zenye isoniazidi yuko hatarini zaidi, kwa kuwa dawa hiyo huvuruga vitamini B6 inayohitajika kutengeneza niasini.

Tiba inayopendekezwa ni nikotinamaidi, aina ya niasini, miligramu 300 kwa siku, zikigawanywa mara kadhaa, kwa wiki tatu hadi nne, pamoja na vitamini B nyingine. Kidonge cha kawaida cha mchanganyiko wa vitamini B peke yake hakitoshi. Mdomo na akili hupata nafuu ndani ya siku chache. Ngozi huchukua wiki. Kwa chakula, gramu 100 za karanga zina niasini ya takriban miligramu 12, na mtu mzima anahitaji 14 hadi 16 kwa siku. Dagaa, kuku na maini ni bora pia. Kupaka mafuta ya mgando kunapunguza maumivu ya nyufa, hakuondoi ugonjwa.

Midomo ina habari yake. Kila mtaa unaojua gongo unajua midomo myekundu. Upungufu wa vitamini B2, chuma na zinki hupasua pembe za mdomo na kubabua ngozi yake; ngozi mpya inayotoka haijapata rangi, basi wekundu wa ndani unaonekana. Pombe kali yenyewe, sigara na kulamba midomo kila mara huongeza. Upungufu wa B12 nao unaweza kukoza weusi kwenye vifundo vya vidole na viganjani, na zinki ikipungua sana vidonda vinachelewa kupona. Kidonda chochote mdomoni kisichopona kwa zaidi ya wiki tatu kiangaliwe na daktari, kwa kuwa pombe husababisha saratani ya kinywa na koo.

Ini linapozungumza kupitia ngozi

Ini likiharibika, linashindwa kusafisha homoni ya estrojeni, kutoa bilirubini, yaani taka ya manjano ya damu, na kutengeneza albumini, protini inayoyashika maji ndani ya mishipa. Kila kazi iliyokwama ina alama yake.

Estrojeni ikizidi, viganja vinakuwa vyekundu hasa chini ya kidole gumba na chini ya kidole kidogo. Viganja vyetu ni vyeupe kiasi, kwa hiyo hii tunaweza kuiona. Mwanaume huota matiti, nywele za kifuani na kwapani hupungua. Juu ya kifua, shingoni na mabegani huota vishipa kama buibui: nukta katikati na miguu midogo inayotawanyika. Kwenye ngozi nyeusi sana tafuta kwa mwanga wa pembeni, kisha bonyeza nukta ya katikati kwa ncha butu ya kalamu. Miguu yote inapotea. Ukiachia, damu inarudi kuanzia katikati kwenda nje. Kimoja au viwili si ugonjwa, na wajawazito huwa navyo. Vikiwa vingi, ni vya kuchunguzwa.

Bilirubini hutia manjano. Hapa wengi hukosea, kwa sababu macho yetu mengi yana kahawia ya kawaida upande unaopigwa na jua na vumbi. Tumia mwanga wa mchana, si taa ya njano. Mwambie mtu aangalie chini, inua kope la juu, tazama sehemu iliyokuwa imefichwa. Kahawia ya kawaida huishia pale kope linapofunika. Manjano ya ini huenea kote sawasawa. Mkojo huwa kama chai ya rangi hata mtu akinywa maji mengi, na ngozi huwasha bila vipele.

Albumini ikipungua, maji huvuja miguuni na tumboni. Kitambi cha bia hukua kwa miaka na ukikishika ni mafuta. Tumbo la maji hukua kwa wiki: mkanda unasogea tundu baada ya tundu huku mikono ikikonda, akilala chali maji humwagikia mbavuni, kitovu kinasukumwa nje. Hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Ila alama hizi si hati ya ulevi. Homa ya ini aina ya B huleta hayo yote kwa mtu asiyekunywa, na kichocho cha tumbo, ambacho kimeenea kando ya Ziwa Victoria, kinaweza kujaza tumbo maji.

Mikunjo na soriasisi, kwa ufupi

Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu wanawake 3,267 wa Marekani, Kanada, Australia na Uingereza ulihusisha kunywa vinywaji vinane au zaidi kwa wiki na mikunjo ya juu ya uso, uvimbe chini ya macho na mashavu kupungua ujazo. Mwingine wa Copenhagen, wa mwaka 2017, wenye watu zaidi ya 11,000, ulikuta duara la kijivu kuzunguka mboni ya jicho likitokea zaidi kwa wanywaji wakubwa na wavutaji sigara. Kwa waliokunywa kiasi haukuona tofauti. Tafiti za namna hii huonyesha uhusiano tu, na pombe na sigara mara nyingi hutembea pamoja.

Wenye soriasisi, ugonjwa wa ngozi wa mabaka yenye magamba, huzidiwa wanapokunywa sana, tiba hufanya kazi kwa udhaifu, na wanaotumia dawa ya methotrexeti wanaliumiza ini mara mbili.

Kipi hurudi, na baada ya muda gani

Mtu anayekunywa wikiendi tu na anataka kujua pombe inamfanyia nini usoni, kipimo rahisi ni wiki nne bila pombe. Piga picha siku ya kwanza asubuhi karibu na dirisha, bila vipodozi, na kila wiki saa ileile mahali palepale. Usianze krimu mpya kipindi hicho, la sivyo hutajua kilichofanya kazi. Uvimbe utaondoka wiki ya kwanza. Usingizi huanza kutulia wiki ya pili, ingawa siku za mwanzo unaweza kuwa mbaya zaidi. Mafuta yaliyojaa kwenye ini huweza kuisha ndani ya wiki nne hadi sita. Vishipa vilivyokwisha kutanuka usoni havirudi vyenyewe, na ini lililokwisha kusinyaa na kujaa makovu halirudi kuwa lilivyokuwa, ila kuacha huongeza miaka.

Anayekunywa kila siku kwa wingi, ambaye mikono humtetemeka asubuhi mpaka apate kidogo, asifanye jaribio hilo peke yake nyumbani. Degedege za kukatisha pombe ghafla hutokea kati ya saa 6 na 48, na kuweweseka kwa hatari kati ya siku ya pili na ya nne. Huyu apelekwe kituo cha afya apunguziwe kwa dawa, na apewe thiamini, yaani vitamini B1, kabla au pamoja na dripu ya sukari, kwa sababu sukari bila thiamini inaweza kuharibu ubongo wake. Ndugu anayempeleka ana haki ya kuwakumbusha wahudumu.

Hospitalini aseme kiasi halisi kwa chupa na kwa siku, bila kupunguza. Vipimo vya kuanzia ni vimeng'enya vya ini (AST, ALT na GGT), bilirubini, albumini, picha kamili ya damu, homa ya ini B na C, na altrasaundi ya tumbo. AST ikiwa zaidi ya mara mbili ya ALT huelekeza kwenye pombe. Kwa ngozi yenyewe, hospitali ya KCMC mjini Moshi, Tanzania, ina kituo cha kanda kinachofundisha wataalamu wa magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992, na waliohitimu pale wanafanya kazi katika hospitali nyingi za mikoa na nchi jirani. Ukienda, nenda na zile picha za kila wiki na makopo yote ya krimu unayotumia, hata lisilo na lebo.